Korosho ghafi ina mzani, ya mtandaoni haina: barua ya wazi kutoka Mtwara

Kwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano, Waziri wa Viwanda na Biashara, wakuu wa mamlaka ya mawasiliano TCRA, mamlaka ya mapato TRA na Tume ya Ushindani, pamoja na Wakuu wetu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi.

Waheshimiwa,

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu mliomo humo ofisini, na najua siku hizi ni wengi, hamjambo.

Mimi ni mbanguaji wa korosho, mkazi wa Chuno hapa Manispaa ya Mtwara Mikindani. Nina jiko la nje, mashine mbili za kubangulia za mkono, wanawake wanne ninaofanya nao kazi, na simu moja iliyopasuka kioo kwenye kona. Hiyo simu ndiyo duka langu. Sina fremu Sabasaba wala Soko Kuu. Mteja wangu yuko Mbezi, yuko Dodoma, mmoja yuko Bukoba na kila Desemba anachukua kilo sita. Wote hao nimewapata mtandaoni na wengi sijawahi kuwaona uso kwa uso.

Kwa hiyo msidhani nimekuja kuulaani mtandao. Umenilisha. Kabla yake tulikuwa tunapanga vifuko kwenye sinia na kukimbilia madirisha ya mabasi, jua kali, konda anakufukuza, abiria anataka umpunguzie mpaka uone aibu. Leo naweka picha kwenye stetasi asubuhi, na mchana nina oda.

Ila kuna jambo linanikaa kooni, huko mtandaoni kipimo kiko mkononi mwa mwenye jukwaa peke yake, na ili mnielewe nianze na neno ambalo kila aliyezaliwa kati ya Ruvuma na Rufiji analijua: kangomba.

Mnunuzi wa kangomba anakuja nyumbani kwako kipindi cha njaa, mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua. Anakupa hela ya ada ya mtoto au ya dawa. Mavuno yakifika anarudi na kipimo chake mwenyewe. Bakuli lake, bei yake, daftari lake. Bibi yangu wa Nanguruwe aliuza hivyo miaka na miaka. Alikuwa akisema mtu wa kangomba hakuibii, anakupimia tu.

Serikali iliona, ikaingilia. Tangu msimu wa 2007/2008 mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanzia huku kwetu, korosho ghafi inapelekwa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, inapimwa, inaingia ghalani, inauzwa kwa mnada. Siku hizi mnada wenyewe unaendeshwa kwa mfumo wa Soko la Bidhaa, TMX, zabuni zinasomwa kwenye skrini mbele ya wakulima wenyewe. Oktoba 2024 mnada wa kwanza wa msimu ulipovuka shilingi 4,000 kwa kilo, watu walipiga vigelegele Tandahimba na Newala, na sisi wa mjini tukajua bei kabla jua halijazama. Sisemi mfumo hauna kasoro. Malipo huchelewa, makato yamekuwa msururu, na msimu wa 2018 tuliuona kwa macho yetu, wanunuzi wakasusa mpaka jeshi likaja kubeba magunia. Lakini mzani upo. Ukibishana na karani kuna mtu wa tatu wa kumwita.

Sasa nitazameni mimi. Korosho ikishabanguliwa haina mnada. Kilo moja ya korosho nzima nyeupe imekula kilo nne hadi tano za ghafi. Imechemshwa, imebanguliwa na mikono iliyopakwa majivu ili mafuta ya ganda yasiibabue, imekaushwa, imemenywa ganda jekundu la ndani, imechambuliwa nzima kando na vipande kando. Viongozi mnatuhimiza kila mwaka, tuongeze thamani, tusipeleke korosho ghafi India na Vietnam. Tumeongeza. Na tulipoiongeza thamani tukaipeleka kwenye soko ambalo bakuli, bei na daftari ni vya mtu mmoja, tena mtu huyo haji nyumbani hata umpe kiti.

Niwapigie hesabu ndogo. Mwezi wa Ramadhani uliopita nililipia tangazo la wiki moja kwenye mtandao mmoja mkubwa, shilingi 20,000. Watu wa mjini wanasema kusponsa. Nikaambiwa limeonwa na watu maelfu kadhaa. Nikapata wateja watatu. Kila mteja amenigharimu kama shilingi 6,700 kabla sijanunua hata kifuko. Je, hao maelfu ni watu kweli? Wako Tanzania? Waliona korosho au walipitisha kidole tu? Sina pa kuhakiki. Aliyeniuzia tangazo ndiye aliyehesabu walioliona. Bakuli la bibi lilikuwa na afadhali, kina chake ulikuwa unakiona kwa macho.

Na hatukuanzia hapo. Nilipoanza, mwaka 2019, ukiweka picha karibu kila anayekufuata anaiona, bure. Ndivyo walivyotuvuta. Tukahama na wateja wetu, tukawaambia wasitupigie tena, watufuate kule. Tulipokwisha kuingia wote, mlango ukawekewa kiingilio. Sasa nikiweka picha bila kulipia wanaoiona ni wachache, nikilipia wanaongezeka. Hao ni wateja wangu mwenyewe, niliowaleta mimi, na mimi ndiye ninayelipa nauli ya kwenda kuwaona. Mwaka 2023 kampuni ya Meta, yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, ilipata mapato ya takriban dola bilioni 135, na karibu yote yalitokana na matangazo. Ile elfu ishirini yangu sijui ilikaa kwenye kona ipi ya hesabu hiyo.

Binti yangu anayesoma chuo ndiye aliyenifungua macho kwamba huu si mkasa wa Mtwara peke yake, ndiyo njia yao. Amazon ilianza kuuza vitabu mwaka 1995, na ikachukua mpaka 2003 kupata mwaka wake wa kwanza wa faida. Miaka yote hiyo ilikuwa inatafuta watu, hela ingefuata baadaye. Ikakaribisha na wauzaji wengine wapange bidhaa zao humo, na leo zaidi ya nusu ya bidhaa zinazouzwa pale ni za wauzaji wa nje. Septemba 2023 serikali ya Marekani yenyewe, kupitia tume yake ya biashara na majimbo 17, iliishitaki kwamba inawabana wauzaji hao kwa ada na kuwaadhibu wanaouza bei nafuu kwingine. Kampuni inakana, kesi ni kesi. Lakini kama Wamarekani, wenye kampuni yao, wanaona haja ya kwenda mahakamani, mimi wa Chuno nina nguvu gani?

Mtaniambia, basi hamia jukwaa lingine. Waheshimiwa, tumehama sana. Jumia ilipoingia nchini tuliambiwa ndiyo Amazon ya Afrika. Aprili 2019 ikaingia soko la hisa la New York, na Novemba mwaka ule ule ikafunga shughuli zake Tanzania. Wazee wa Nachingwea hawakushangaa. Wao waliona mradi wa karanga wa Waingereza ukianza 1947 kwa matrekta na vifijo, reli ikajengwa kutoka bandari ya Mtwara kwenda bara, na kufika 1951 mradi ukawa umekufa. Reli yenyewe ikaja kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Babu yangu mdogo alifanya kazi kwenye ile reli, na mpaka anafariki alikuwa na nati moja kubwa aliyoitumia kuzuia mlango wa banda usigongwe na upepo. Anayeondoka anaondoka na hesabu zake, anayebaki hubakiwa na nati.

Yaliyonipata mwaka jana ndiyo yaliyonifanya nikae chini niandike. Nilikuwa na ukurasa wenye wafuasi zaidi ya 11,000, wa miaka mitano, picha moja moja, mteja mmoja mmoja. Usiku mmoja nikalala nao, asubuhi haupo. Nimeambiwa kwa Kiingereza kwamba nimevunja kanuni za jumuiya. Kanuni gani? Haikutajwa. Picha ya mwisho niliyoweka ilikuwa ya ndoo ya korosho na paka wa jirani amelala pembeni. Binti akajaza fomu ya rufaa, tukajibiwa na mashine, tukajaza tena, mashine ikashukuru kwa uvumilivu wetu. Wiki ya pili akaibuka kijana akidai ana mtu wake ndani, nitume laki moja na nusu urudi. Nikatuma elfu hamsini ya kuanzia. Ndiyo, nilipigwa, na sioni haya kusema kwa sababu najua si mimi peke yangu. Ukurasa haukurudi mpaka leo, na kijana naye hapatikani.

Nilikwenda polisi, wakaniandikia, kwa adabu kabisa, lakini askari akaniuliza, "Mama, mshitakiwa wa kwanza yuko nchi gani?" Nikakosa jibu.

Jibu, Waheshimiwa, mnalo nyie. Tangu Julai 2022 sheria yetu inazitoza kampuni za nje zinazouza huduma za kidijitali nchini kodi ya asilimia 2 ya mapato yao, hata kama hazina ofisi hapa, na juu yake kuna VAT. Maana yake TRA ina utaratibu wa kuzisajili kampuni hizo, kuandikiana nazo na kupokea hela yao. Mnajua pa kuzipata mnapotaka kodi. Naomba mlango huo huo utumike na sisi tunapotaka haki. Kampuni inayolipwa na Watanzania kwa matangazo iwe na anwani ya malalamiko nchini, iwe na mtu, mtu mwenye damu, anayesoma Kiswahili, na iwe na siku maalumu za kujibu. Ikifunga duka la mtu iseme kosa ni lipi. Hata mgambo wa manispaa akibomoa kibanda huwa ametanguliza notisi, japo ameiandika kwa chaki.

Najua kuna atakayesema hizi ni kampuni kubwa mno, Tanzania haiwezi kuzipa masharti. Si kweli, na ushahidi uko karibu kuliko Ulaya. Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilianza kuchunguza masoko ya mtandaoni mwaka 2021, ikatoa ripoti yake ya mwisho Julai 2023, ikaziwekea masharti kampuni zikiwemo Google, Booking.com na Takealot kwa sababu ziliwabana wafanyabiashara wadogo. Takealot, ambayo ina soko na wakati huo huo inauza bidhaa zake mwenyewe humo humo, iliambiwa itenganishe mikono hiyo miwili. Nigeria, Julai 2024, iliipiga Meta faini ya dola milioni 220. Na sisi wenyewe tumewahi kusimama. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, iliweka ukomo wa kamisheni ya asilimia 15 kwa kampuni za teksi mtandao. Uber ikasusa, ikasitisha huduma Aprili. Januari 2023 ikarudi, baada ya kiwango kupandishwa hadi asilimia 25. Mnaweza kusema tulilegea mwishoni, na mimi nadhani tulilegea. Lakini ona, kumbe kamisheni inaweza kuwekwa mezani na kujadiliwa, dereva akajua anakatwa ngapi na kwa sheria ipi. Nani amewahi kukaa mezani kujadili ninachokatwa mimi?

Ombi langu kwa Tume ya Ushindani ni uchunguzi kama ule wa Afrika Kusini, wenye vikao vya wazi, na kikao kimoja kifanyike huku. Si Dar tu. Wabanguaji tutakuja, wachonga vinyago watakuja, akina mama wa pweza wa Msimbati na Kilwa watakuja, tena na skrinshoti.

Kuna hili la wageni. Julai 2025 serikali ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, rejareja ikiwemo. Kariakoo walifurahi, na nawaelewa. Lakini mmemzuia mgeni kupanga fremu wakati duka lake tayari liko kwenye kiganja cha binti yangu. Anafungua programu, anaagiza gauni kutoka China kwa bei ambayo fundi wetu wa Magomeni hapati hata kitambaa, linakuja kwa wiki mbili tatu. Sisemi mfunge programu hizo, mtoto atanichukia, na mimi mwenyewe mashine ya kubana vifuko niliinunua huko huko. Nasema amri iliyoandikwa kwa ajili ya fremu haimgusi mwenye duka la hewani, na fundi wa Magomeni analipa leseni, ushuru wa taka na pango. Hesabu hiyo irudiwe na watu wanaojua forodha kuliko mimi.

Mikopo ya simu nisiiseme sana, mnaijua. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja hadharani majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Mlifanya vyema. Ila hiyo ndiyo kangomba tupu, kwa jina lake halisi, mtu anakukopesha kipindi cha njaa halafu anakuja na kipimo chake. Tofauti ni kwamba wa zamani alikuwa hana orodha ya namba zote za kwenye simu yako, kwa hiyo ukichelewa kulipa hakuweza kumtumia ujumbe mkweo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, na Tume yake ipo. Huku kwetu sijakutana na mtu hata mmoja aliyewahi kuambiwa afikeje huko akalalamike.

Halafu kodi. Mwaka 2025 TRA iliwataka wafanyabiashara wa mtandaoni wajisajili. Mimi TIN, namba ya mlipa kodi, ninayo, sikuogopa. Niliowaona wakiogopa ni wale wadada wanaouza mitandio na sabuni, mtaji laki mbili, walifuta picha zao wote kwa wiki nzima kama wamefiwa. Wakadhani kila mwenye stetasi atatozwa. Elimu ingetangulia, hata gari la matangazo lipite Likombe na Chikongola kama linavyopita siku za chanjo, msingewatisha. Mnakumbuka tozo ya miamala ya Julai 2021. Ilipoanza, wateja wangu wakaacha kutuma kwa simu, wakaanza kumpa dereva wa basi pesa taslimu kwenye bahasha, na bahasha nyingine zilifika nyembamba. Mlipunguza, mkapunguza tena, ahsanteni. Lakini hata leo nikimtajia mteja bei, swali la pili ni, "Na ya kutolea nani anaweka?" Naweka mimi. Lipa Namba ingesaidia, ila mteja wangu wa Masasi hajaizoea na wakala wake anamwambia itamkata zaidi, uongo, lakini nani amwamini nani?

Sasa njooni kwenye mzigo wenyewe, maana korosho haisafiri kwa hewa. Kutoka hapa hadi Dar ni kilomita zipatazo 560, barabara moja. Mei 2024 tulipata somo mara mbili ndani ya siku kumi. Mvua na Kimbunga Hidaya, tarehe 4 Mei, vikaikata barabara upande wa Kilwa, pale Somanga na jirani zake. Mabasi yakakwama, nikawa na mizigo tisa stendi ya Mkanaledi imelala kama wagonjwa. Nikasema si kitu, angalau nitawapigia wateja kwa video niwaonyeshe hali. Tarehe 12 Mei nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zikakatika huko upande wa Afrika Kusini, mtandao ukawa unasuasua nchi nzima. Barabara ya chini imekatika, na ya juu imekatika. Mteja mmoja wa Tegeta alinitangaza tapeli kwenye kundi la watu mia mbili, na sikuweza hata kufungua kundi nijitetee.

Kimbunga ni cha Mungu na waya ni wa bahati mbaya. Mwishoni mwa Oktoba 2025, siku za uchaguzi, mtandao ulizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na huo haukuzimwa na kimbunga. Sitaingia kwenye siasa, siko hapo. Naongea kama mwenye duka. Korosho zilizokaangwa kwa oda zilipoteza ukavu, wanawake wanne walikaa bila ujira, na hakuna aliyekuja kutuuliza tumepoteza ngapi. Mkizima soko, mjue mmezima soko, mwandike na hasara kwenye daftari lenu.

Na mzigo ukifika salama Dar, bado. Mwaka 2022 tulifanyiwa zoezi la anwani za makazi, nyumba yangu ina kibao na namba, postikodi zetu za Mtwara zinaanzia na 63. Kazi nzuri. Lakini jaribu kumpa boda namba hiyo. Atakuuliza, "Mama, karibu na nini?" Mpaka umwelekeze mwembe, msikiti, duka la Mangi. Pesa nyingi zimetumika kupigilia vibao, ikabaki hatua moja ndogo ya kuwafundisha wanaobeba mizigo kuvitumia. Posta wana matawi mpaka wilayani, na wana Duka Mtandao lao. Nimejaribu kuulizia habari za kuuza humo, kila dirisha likanielekeza dirisha lingine. Hapo ndipo ningetia nguvu kama ningekuwa nyie. Mzigo wa kilo mbili kutoka Mtwara hadi Mwanza wenye bei moja inayojulikana, risiti na mtu wa kuulizwa ukipotea ni msaada mkubwa kuliko semina kumi za ujasiriamali wa kidijitali. Hizo semina nimehudhuria tatu, chakula kilikuwa kizuri.

Kitu kimoja nawaomba msifanye. Msije na mfumo mpya. Najua kishawishi, kuna mtu atawaletea mchoro, programu ya serikali ya kuuza bidhaa za wajasiriamali, uzinduzi, fulana, mgeni rasmi, na baada ya mwaka nywila imesahaulika. Tayari mna TMX. Inauza korosho ghafi, ufuta, mbaazi, na wanunuzi wanaoshindana humo wamethibitishwa. Nachouliza ni kwa nini korosho iliyobanguliwa na vikundi vya wanawake isiwe na dirisha humo. Si kilo mbili mbili, naelewa. Vikundi vikusanye, SIDO wa viwanda vidogo au chama kikuu cha ushirika kithibitishe daraja, TBS wa viwango watie alama yao, mzigo wa tani moja au mbili uingie mnadani kama zinavyoingia zingine. Mwenye hoteli Zanzibar, mwenye maduka Dar, hata wa Dubai, ashindane na mwenzake mbele ya macho yetu. Siku hiyo nitaendelea kuweka picha zangu mtandaoni, lakini nitakuwa na bei ya kulinganishia. Sasa hivi bei yangu naiokota kwa kuchungulia kurasa za wenzangu usiku, na wao wanachungulia yangu, na winga, dalali wa Dar, anatuchungulia wote, ananunua kwa anayelia zaidi.

Wanangu wa TCRA, nyie mnapenda kuandika kanuni, na nyingi mmeziandika kwa ajili yetu tunaochapisha. Za 2018, za 2020, mwenye blogu asajiliwe, mwenye VPN aitolee taarifa. Sijaona bado iliyoandikwa kwa ajili ya yule anayetuchapishia, inayomwambia mwenye jukwaa, na wewe una wajibu huu na huu kwa mama wa Chuno. Ulaya wanayo sheria ya namna hiyo, masharti yake yalianza kuzibana kampuni kubwa Machi 2024, Alphabet, Amazon, Apple, Meta, Microsoft na ByteDance ya TikTok. Si lazima tunakili. Lakini ninyi mna wanasheria, na mimi nina korosho.

Nitashukuru hata mmoja wenu akijibu, hata kwa mistari miwili, kama anwani ya malalamiko inawezekana na kama vikundi vya wabanguaji vinaweza kupewa nafasi TMX kabla msimu ujao haujafunguliwa. Mkuu wetu wa Mkoa, wewe uko karibu, ukipita Chuno uliza kwa mama wa korosho, utaonyeshwa. Kwa namba ya nyumba sina hakika, lakini kuna mwembe mkubwa na paka.

Kwa leo naishia hapa. Mizigo mitatu ya Dar haijafungwa na basi linaondoka alfajiri.

Wenu katika biashara,
Mbanguaji wa korosho, Chuno, Mtwara